Wauguzi Wangapi Wanakesha Unyamwezi?

Kila mwaka ifikapo tarehe 12 Mei, siku aliyozaliwa Florence Nightingale mwaka 1820, wauguzi wa nchi hii huvaa sare zao nyeupe, huwasha mishumaa, na husimama safu kwa safu wakikariri kiapo chao mbele ya viongozi. Nao viongozi huwajibu kwa hotuba ambayo haikosi hesabu ndani yake, kwamba wauguzi kadha wamesajiliwa, kadha wamehitimu vyuoni, na kadha wamepata ajira. Hesabu hizo zina haki yake, wala sikusudii kuzitia dosari. Walakini kwa mtu akaaye Sikonge au Urambo, au katika vijiji vya msituni ng'ambo ya Kaliua, iko hesabu nyingine ambayo ni nadra kusomwa jukwaani, nayo ndiyo imshughulishayo: katika zahanati iliyo karibu na mama aliyeshikwa na uchungu usiku wa manane, yuko mkunga mwenye elimu yake, aliye macho, au hayuko?

Tuanze na hesabu kubwa ili hii ndogo ipate kueleweka. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2025 juu ya hali ya uuguzi, lilieleza kwamba mwaka 2023 ulimwengu ulikuwa na wauguzi wapatao milioni 29.8, na kwamba juu ya wingi huo walihitajika wengine milioni 5.8 ambao hawakuwapo. Lakini lililo zito kuliko upungufu wenyewe ni mgawanyo: asilimia 78 ya wauguzi wote wanafanya kazi katika nchi ambazo watu wake, wakijumlishwa, ni asilimia 49 tu ya wanadamu, maana yake nusu ya pili ya dunia, iliyo kubwa kidogo kuliko ile ya kwanza na ambayo ndani yake tumo sisi, imeachiwa kiasi cha muuguzi mmoja katika kila watano.

Mkoa wa Tabora, kitovu cha Unyamwezi, ambao kwa eneo umeipita mikoa yote ya Tanzania, ukiwa na kilomita za mraba zipatazo 76,000, ulihesabiwa watu 2,291,623 katika sensa ya mwaka 2012. Miaka kumi baadaye, katika sensa ya 2022, wakahesabiwa watu 3,391,679. Katika muda ambao mtoto humaliza shule ya msingi na kuingia sekondari, mkoa umeongezewa zaidi ya watu milioni moja na laki moja, baadhi yao wakizaliwa humu humu, na baadhi wakihamia na ng'ombe wao na majembe yao kutafuta malisho na mashamba ya tumbaku. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba nchi isiyokuwa na madaktari, wauguzi na wakunga 2.28 kwa kila watu 1,000 ni muhali kwake kuwahudumia sawasawa hata wazazi wake. Na mwaka 2016 kipimo hicho kikapandishwa hadi 4.45. Kwa kipimo cha chini, Tabora ya leo inastahili zaidi ya wahudumu 7,700 wa aina hizo tatu. Kwa kipimo cha juu inastahili zaidi ya 15,000. Na lile ongezeko la miaka kumi peke yake, hata kwa kipimo cha chini, linadai watu 2,500 wapya, kabla hujaziba pengo hata moja lililokuwapo zamani. Mwenye kuufahamu mkoa huu hana haja ya kuambiwa umbali uliopo kati ya kinachostahili na kilichopo.

Watu wengi hudhani kwamba zahanati yenye muuguzi mmoja ina muuguzi. Sivyo. Juma lina saa 168, na mtumishi wa umma hufanya kazi saa 40. Basi kumweka muuguzi mmoja, naam, mmoja tu, mlangoni mwa zahanati usiku na mchana, siku zote saba, kunahitaji watu wanne na ziada, na ukiongeza likizo ya siku 28 kila mwaka, na maradhi, na misiba, na semina, na safari ya kwenda wilayani kuchukua dawa na chanjo, hupungui watano. Fauka ya hayo, muuguzi wa Tanzania aghalabu ni mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, na sheria ya kazi, kwa haki kabisa, humpa siku 84 za likizo ya uzazi, au siku 100 akijifungua pacha. Siku hizo anapokuwa nyumbani akimnyonyesha mwanawe, wana wa wenzake wanaendelea kuzaliwa. Ndiyo maana ikama iliyowekwa na Wizara ya Afya mwaka 2014 haikuiandikia zahanati mtumishi mmoja wala wawili, bali watumishi kati ya 15 na 20 wa kada zote, na kituo cha afya kati ya 39 na 52. Walioandika ikama ile walijua hesabu. Anayeipelekea zahanati muuguzi mmoja na kuandika katika taarifa yake kwamba kijiji kimepata huduma, huyo amehesabu mtu, hakuhesabu zamu.

Katika zahanati moja ya wilaya hizi za magharibi, ambayo sitaitaja jina wala kijiji chake, nilikaa barazani jioni moja hadi usiku ukaingia. Muuguzi alikuwa binti wa stashahada, mgeni wa mkoa, na msaidizi wake alikuwa mhudumu wa afya, mama wa makamo, mwenyeji wa hapo. Chumba cha ndani alikuwamo mzazi wa uzao wa kwanza. Mbele ya muuguzi ilikuwapo patografu, ile karatasi ya miraba ambayo humtaka asikilize mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa na kuyatia alama, apime njia ya uzazi kila baada ya saa nne, na atazame mstari wake unapanda ipasavyo au umelala, kwa kuwa mstari ukilala ndipo gari la wagonjwa huitwa, na gari huitwa mapema au haliitwi kwa faida. Alikwisha kusikiliza mapigo mara mbili, ndipo akaletwa mtoto wa miaka kama mitatu, amebebwa mgongoni na babake, macho yamepinduka kwa degedege la malaria. Mtoto yule alihitaji kupimwa uzito, kuchanganyiwa sindano kwa kadiri ya uzito huo, kupozwa mwili, na kutazamwa. Mzazi naye alihitaji kusikilizwa. Yule binti akawa anakwenda na kurudi baina ya vyumba viwili, mhudumu akimmulikia kwa tochi, na nusu saa ya tatu ikapita bila alama katika karatasi, kisha ya nne. Hakuwa mzembe. Alikuwa mtu mmoja. Kwa rehema ya Mungu mtoto alitulia na mzazi akajifungua salama. Na saa zile ambazo mwanadamu hupaswa kulala, muuguzi aliketi kuandika kitabu cha MTUHA namba 12, rejesta ya uzazi, safu kwa safu, jina na umri na uzito wa mtoto na dawa aliyochomwa mama, kwa sababu kulipokucha alikuwa na kliniki ya watoto, na akina mama walikwisha kupanga kadi zao juu ya benchi, na mzani ulikuwa umetundikwa katika boriti.

Asubuhi ile bibi mmoja aliyemsindikiza mkaza mwanawe alimwamkia binti yule kwa Kisukuma, akasema mwangaluka, kisha akaendelea kueleza jambo refu kwa lugha hiyo, na binti akamgeukia mhudumu apate tafsiri. Hapo niliona kwamba jamii ya wauguzi haipimwi kwa idadi na vyeti peke yake, bali pia kwa lugha wanazozijua. Kiswahili kinatutosha katika mengi, lakini mwanamke aliyekulia machungani huko porini, anapoulizwa habari za damu na za siri ya mwili wake, hujibu kwa ukamilifu katika lugha ya mamaye, na yule mhudumu wa makamo, ambaye katika ngazi ya utumishi yuko chini kabisa, ndiye aliyebeba nusu ya utabibu wa zahanati ile.

Nchi hii ya Unyanyembe imezoea watu wa kupita. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo ilifika hapa Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, ikapumua, kisha ikaendelea magharibi kwenda Ujiji au ikageuka kaskazini kwenda Karagwe na Buganda, na mgonjwa aliyefika hapa alitegemea moyo wa mwenyeji wake. Novemba 1857 wasafiri wa Kiingereza Richard Burton na John Speke waliingia Kazeh wamedhoofika kwa homa, wakapokewa na Sheikh Snay bin Amir, tajiri wa Kiarabu, aliyewakirimu na kuwatunza. Wapagazi waliowabebea mizigo, nao wakiugua, walitunzwa na jamaa zao ikiwa walikuwa nao, au walibaki njiani. Jamaa ndiyo iliyokuwa wadi, na hata leo ukiingia wadi yoyote ya mkoa huu utamkuta dada au shangazi ndiye aoshaye, alishaye, ageuzaye mgonjwa na kumwaga mkojo, kazi ambazo kwingineko hufanywa na wauguzi wanaolipwa, na ambazo hapa hazimo katika hesabu yoyote.

Mwaka 1879 alifika Urambo kwa Mtemi Mirambo tabibu wa misioni ya London, Ebenezer Southon, akaishi naye kwa usuhuba na kutibu watu wengi. Mwaka 1882 risasi iliyofyatuka kwa ajali ikamvunja mkono, na kwa kuwa hapakuwa na tabibu mwingine karibu, mkono ukakatwa na mmisionari asiyekuwa tabibu, naye Southon mwenyewe, mgonjwa juu ya kitanda, akimwelekeza la kufanya. Hakupona. Watu husimulia habari ile kwa sababu ya ushujaa wake, na kweli alikuwa shujaa. Mimi nasoma ndani yake jambo la pili, kwamba tabibu asiyekuwa na wa kumsaidia, awe na maarifa ya namna gani, siku moja atakuwa ndiye mgonjwa na hapana atakayesimama upande wa pili wa kitanda.

Karibu na zama hizo alipita mtu mwingine ambaye kwa maoni yangu hajapata heshima anayostahili katika vitabu vya watoto wetu. Adrien Atiman, mzaliwa wa nchi za mto Niger, aliyechukuliwa utumwani akiwa mdogo, akakombolewa na Mapadre Weupe na kusomeshwa utabibu Malta, alitoka pwani kwa miguu na msafara wao akafika Karema, kando ya ziwa Tanganyika, mwaka 1889, akakaa huko akitibu na kufundisha dini hadi alipofariki mwaka 1956. Zaidi ya miaka 60 mahali pamoja! Aliyakuta magonjwa ya babu, akayatibu hadi ya vitukuu, akaoa mwanamke wa huko, akawa mwenyeji. Katika habari zote za utumishi wa afya wa njia ya misafara, sijui fundisho lililo bayana kuliko hili, kwamba dawa huzaa matunda mahali ambapo mwenye kuitoa amekaa.

Katika miaka ya 1920 serikali ya Kiingereza ilianza kuwaandaa madresa wa kikabila, vijana waliofundishwa kufunga vidonda, kuchoma sindano za buba na kugawa dawa chache, wakawekwa katika zahanati ndogo zilizoendeshwa na tawala za wenyeji. Katika Jimbo la Magharibi kazi yao ilizidishwa na malale, ugonjwa uliowafanya wakuu wa wakati ule kuwahamisha watu maelfu kwa maelfu kutoka vijiji vilivyotawanyika msituni na kuwakusanya katika makao yaliyofyekwa, ambamo ilibidi shingo zishikwe na damu itazamwe mara kwa mara. Madresa wale walikuwa wanaume, kwa sababu shule zilikuwa za wavulana kwanza. Shule ya Serikali ya Tabora yenyewe, iliyofunguliwa katika miaka ile ile, ilikusudiwa wana wa watemi. Hivyo yule ambaye leo humshangaa nesi wa kiume, na kumwita daktari kwa sababu tu ana ndevu, hajui kwamba muuguzi wa kwanza wa kisasa wa babu yake alikuwa mwanamume.

Wanawake waliingia kwa wingi baadaye, kupitia hospitali za misioni na za serikali, na baada ya sheria ya usajili wa wauguzi na wakunga ya mwaka 1952; kisha, katika miaka ya 1970, Tanzania huru ikaandaa wasaidizi wa afya ya mama na mtoto, wasichana waliomaliza darasa la saba, ambao walirudi vijijini na kuzijaza zahanati za Ujamaa. Kizazi kile kimekwisha kustaafu. Leo Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 inamtaka kila muuguzi awe na leseni, na ngazi zao ni cheti, stashahada na shahada. Chini yao wako wahudumu wa afya, ambao si wauguzi mbele ya sheria, bali katika usiku wa vijijini hulazimika kufanya ambayo sheria haikuwapa, si kwa kiburi, bali kwa kuwa mtoto hamngojei mwenye leseni. Wanaume nao wamerudi: Shirika la Afya Duniani lilionyesha mwaka 2019 kwamba barani Afrika wanaume wamefika asilimia 35 ya wauguzi, kiasi ambacho hakuna bara jingine lililokikaribia. Mimi nalifurahia hilo. Kazi inayotaka kunyanyua wagonjwa, kusafiri kwa pikipiki usiku na kulala peke yako katika nyumba ya zahanati iliyo mbali na kijiji haina sababu ya kuachiwa jinsia moja. Lakini wasimamizi wajihadhari, isije ikawa mwanamume anapandishwa kuwa mkuu wa zahanati kabla ya mwanamke aliyemtangulia kazini.

Na watu wa kufanya kazi hii wamo? Wamo, na hilo ndilo lenye kuumiza. Mkoa huu una vyuo vyake, Nkinga wilayani Igunga, penye hospitali iliyoanzishwa na wamisionari wa Kiswidi, na Ndala wilayani Nzega, kwenye hospitali ya Wakatoliki; kila mwaka vijana humaliza, wakafaulu mitihani ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, wakapata leseni, wakarudi kwa wazazi wao kungoja tangazo la ajira la TAMISEMI. Wengine hujitolea katika vituo vya afya kwa posho ya nauli, miezi ikafuatana na miaka. Wengine wanauza vocha na nguo za mitumba. Maradhi haya hayakuanza jana: mwaka 1993 Serikali, chini ya masharti ya kubana matumizi, ilisimamisha ajira mpya, na waliostaafu na waliofariki hawakujaziwa nafasi zao, hata watumishi wa afya wa nchi nzima, waliokuwa kiasi cha 67,000 katikati ya miaka ya 1990, wakashuka chini ya 50,000 ulipofika mwaka 2002. Ilikuwa katika miaka ile ile ambayo Ukimwi ulikuwa unajaza wadi. Kisha mwaka 2007 ukaja Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, ulioahidi zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Majengo yakasimama, na nguvu za wananchi zikatumika kufyatua matofali, lakini tofali hufyatuliwa kwa siku moja, na muuguzi hufundishwa miaka mitatu, kisha hungoja kibali.

Nchi tajiri nazo zinaita. Shirika la Afya Duniani liliiweka Tanzania, mwaka 2023, katika orodha ya nchi 55 ambazo wengine wanaaswa wasiende kuwachota wahudumu wake kwa makusudi. Onyo hilo ni la insafu, lakini halimzuii mtu kuondoka kwa hiari yake, na sioni uso wa kumlaumu binti mwenye leseni ambaye nchi yake imemwacha nyumbani miaka minne.

Tusikufuru neema. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba vifo vya uzazi nchini vimeshuka hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa mwaka 2015 na 2016, na kwamba wazazi wanaojifungulia katika vituo vya afya wamepanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Waliofanya kazi hiyo ni wauguzi hawa hawa wachache. Lakini mzazi anapokubali kuiacha nyumba yake na mkunga wa jadi aliyemjua tangu utoto, na kwenda zahanati kama alivyoshauriwa, amefunga mkataba na Serikali. Na kila asilimia inayopanda inaongeza wanaobisha hodi usiku kwa muuguzi yule yule mmoja.

Ombi langu ni kwa Mabaraza ya Madiwani ya Tabora, Uyui, Nzega, Igunga, Sikonge, Urambo na Kaliua. Taarifa ya afya inapowasilishwa mbele yenu kila robo mwaka, msiridhike na idadi ya zahanati wala ya watumishi; daini jedwali la zamu, zahanati kwa zahanati, lionyeshe ni usiku ngapi katika mwezi ambapo alikuwapo muuguzi mwenye leseni. Njia ya kugawa watumishi kwa uzito wa kazi, badala ya kuwagawa kwa majengo, inajulikana nchini na imekwisha kutumika; itumike huku ambako kazi ni nzito. Jengeni nyumba ya pili na ya tatu ya mtumishi kabla ya kujenga zahanati nyingine, kwa kuwa binti wa watu hawezi kukaa miaka mahali asipokuwa na mlango wa kufunga. Vijana wa Nzega na Igunga na Kaliua, wanaozijua lugha za bibi zao, wapewe nafasi ya mbele katika vyuo vya mkoa na katika ajira za vijiji vya mkoa. Wahitimu wako majumbani na leseni zao mkononi. Kinachosubiriwa ni kibali cha ajira na nyumba ya kulala, na yote mawili yamo katika uwezo wa Serikali na halmashauri zake.